Namba Yangu Iko Kwenye Simu Yako

Ilikuwa saa moja kasorobo asubuhi, napuliza chai ipoe, simu ikaita. Namba ngeni.

"Halo, dada, unamfahamu Mama Salha?"

"Namfahamu, ni jirani yangu. Nani mwenzangu?"

"Mwambie alipe deni letu leo kabla ya saa sita. Wewe ndiye mtu wake wa karibu. Asipolipa, na wewe tunajua pa kukupata."

Akakata.

Mama Salha si jina lake. La kwake limeshatajwa vya kutosha. Anauza vitumbua kwenye kona ya mtaa wetu, na mwezi ule mchele ulipopanda alikopa Sh. 50,000 kwa programu ya mikopo ya simu. Alichelewa kurejesha siku nne. Kufikia adhuhuri nikajua kwamba sikupigiwa peke yangu. Amepigiwa mwalimu wa madrasa wa mwanawe. Amepigiwa shemeji yake wa Tanga ambaye hawajasemezana tangu talaka. Amepigiwa mwenyekiti wa kikoba, na fundi bomba aliyemtengenezea koki mara moja tu, mwaka juzi. Wengine wakatumiwa na ujumbe: picha ya kitambulisho chake, na chini yake neno "tapeli".

Jioni nilimkuta uani, beseni la unga limefunikwa, jiko limezimwa. Akaniambia, "Mwenzangu, mimi nilibonyeza 'kubali' tu. Usipobonyeza hela haitoki."

Nilikaa na maneno hayo usiku kucha. Yeye alibonyeza. Mimi je? Mimi sikukopa, sikudhamini, sikubonyeza popote. Hata hivyo namba yangu, na jina nililoandikwa nalo kwenye simu yake, vilikuwa mikononi mwa watu nisiowajua wala wasionijua. Jambo hilo ndilo ninalotaka kulifafanua hapa, kwa sababu naona tunazungumzia faragha kana kwamba ni mali ya mtu mmoja aliyoifungia kabatini kwake, na ufunguo anao mwenyewe. Sivyo ilivyo. Sehemu kubwa ya faragha yangu imewekwa kwako, na yako imewekwa kwangu.

Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake una maana ya utupu, nafasi isiyo na kitu ndani yake. Faragha ni pale ambapo hakuna mwingine ila uliyemkaribisha. Watu wa pwani waliijua maana hiyo hata kwa jinsi walivyojenga. Baraza ya mawe iko nje, mgeni anakaa hapo, kahawa inaletwa, mazungumzo yanakolea, na ndani ya nyumba hajatia jicho. Katika nyumba za kale za Lamu njia ya kuingilia haiendi moja kwa moja hadi uani. Inapinda, ili hata mlango ukiwa wazi mpita njia asione walioko ndani. Kisha ipo hodi. Mgeni aliyefunzwa adabu hasimami akitazama mlango uso kwa uso, anasimama ubavuni. Anabisha mara tatu. Asipoitikiwa anaondoka, wala hapaswi kununa. Mwenye nyumba hadaiwi sababu. Huenda amelala, huenda wanagombana, huenda wanakula wali mkavu na hawapendi kuonekana. Yote ni haki yake.

Lipo na neno lingine ninaloliona zito kuliko faragha: stara. Siri mtu huificha mwenyewe. Stara hufanyiwa na mwenzake. Tunasema "msitiri mwenzio", tunaomba "Mungu atusitiri". Tunasema pia kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha, na kila aliyewahi kuosha maiti anajua sharti lililomo ndani ya methali hiyo: umeona, na hutasema. Maarifa uliyoyapata kwa sababu ya kazi yako yanaishia kwenye kazi hiyo. Ukiyatoa nje, hukuvunja heshima ya marehemu peke yake. Umewafanya watu wote wa mtaa waogope siku ya kufa kwao.

Kwa hiyo mtu akiniambia "mimi sina cha kuficha, kwa nini nijali", huwa namwelewa lakini sikubaliani naye. Anachanganya stara na hatia. Mtu anafunga mlango wa choo na hakuna kosa analolifanya mle ndani.

Tazama kliniki. Kuna watu wanaochukua dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ambao hupanda daladala mbili, wakapita vituo viwili vya afya vilivyo karibu na kwao, ili wafike kituo cha tatu wasikojulikana. Kadi ya CTC, yaani ya kliniki ya matunzo na tiba, wanaitunza ndani ya mfuko ndani ya mfuko. Nauli hiyo ni bei ya faragha, na wanailipa kila wanapoitwa. Siku wakiamini kwamba jina lao limetoka kwenye faili na kufika sokoni, wengine wataacha kwenda, na dawa iliyoachwa ni hatari kwa mgonjwa na kwa wanaomzunguka. Tunaona basi kwamba faragha haimkingi mtu na ukweli. Ndiyo inayomwezesha kuusema. Mgonjwa humwambia daktari yote kwa kuwa anajua yataishia pale. Mwanafunzi humwambia mwalimu wa unasihi kinachotokea nyumbani kwao kwa sababu hiyohiyo. Ondoa ukuta huo, watu watabaki na majibu ya kupendeza tu.

Na kuna jibu la pili kwa wasio na cha kuficha, jibu linalouma zaidi. Miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji nchini Rwanda ulihesabu watu na kuwapa vitambulisho vilivyoandikwa kabila la kila mmoja: Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Siku ile ilikuwa kazi ya ukarani. Aliyeandikwa hakuwa na cha kuficha, alikuwa mkulima, au mfugaji, au mfinyanzi. Uhuru ulipopatikana maandishi yale yaliachwa vilevile. Mwaka 1994, tangu Aprili hadi Julai, vizuizi viliwekwa barabarani, watu wakatakiwa kutoa vitambulisho, na neno moja lililoandikwa kwa ajili ya utawala likawa hukumu ya kifo papo hapo. Taarifa ile haikuibwa wala haikuvuja. Ilikuwa imekaa kwenye mfuko wa shati la mwenyewe ikisubiri mtu mwingine, mwenye nia nyingine. Anayetoa taarifa leo anamfikiria anayeipokea leo. Hana njia ya kumjua atakayekuwa nayo miaka 60 ijayo.

Turudi kwenye simu ya Mama Salha, maana hapo ndipo utaratibu unaonekana kwa karibu.

Programu ya simu haiwezi kusoma meseji wala majina yaliyomo humo bila ruhusa. Mfumo wa simu umeitenga, kama mpangaji aliyepewa chumba kimoja. Ili iingie vyumba vingine inabidi ibishe hodi, na hodi yake ni kile kidirisha kinachotokea: ruhusu isome meseji, ruhusu ione majina, ruhusu ijue ulipo, ruhusu itumie kamera. Kwa mkopeshaji kila chumba kina faida yake. Meseji zina historia ya pesa, kwa kuwa kila muamala wa pesa kwa simu huacha ujumbe: umepokea kiasi gani, kutoka kwa nani, salio lako ni hili. Ukizisoma meseji za miezi sita unajua mtu anaingiza nini, analipa kodi tarehe ngapi, na mwezi gani alikwama. Kwa hilo naweza kuielewa hoja yao: mtu asiye na akaunti benki wala hati ya nyumba anahitaji kupimwa kwa kitu fulani, na wapo waliopata mtaji kwa njia hiyo.

Orodha ya majina, hata hivyo, haipimi uwezo wa kulipa. Kazi yake ni nyingine kabisa. Ni dhamana, kama vile zamani mtu alivyoweka rehani baiskeli au cherehani. Tofauti ni kwamba kinachowekwa rehani hapa ni sura yako mbele ya watu unaoishi nao, na watu hao hawakuulizwa.

Hebu fungua orodha yako mwenyewe uisome kama angeisoma mgeni. Sisi hatuandiki majina matupu. Tunaandika "Baba Watoto". "Wakili talaka". "Dada Rehema CTC". "Mganga Kisarawe". "Mdeni wa mchele". "Usipokee". Nilipoisoma yangu nilishtuka. Kwa dakika kumi mtu angejua nani ananidai na nani namdai, mtoto wangu anasoma wapi, nani mgonjwa kwenye ukoo, nani tuligombana naye. Karibu yote ilikuwa habari ya watu wengine. Na kama mimi nimemwandika mtu "CTC", nikaruhusu programu ya tochi au ya kupamba picha isome orodha yangu, basi nimemtangaza yeye, si mimi, na hatajua kamwe kwamba mlango ulikuwa ni mimi.

Sijui kama kuna neno moja la Kiswahili kwa jambo hili. Mimi naliita kuchongewa bila kukusudia.

Ukishaliona kwenye mkopo wa vitumbua, utaliona kila mahali. Mwaka 2018 dunia ilisikia habari za Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikifanya kazi za kampeni za siasa. Chanzo kilikuwa chemsha bongo ya kujua tabia yako, iliyowekwa Facebook. Walioijaza walikuwa kama 270,000. Kwa sheria za Facebook za wakati ule, aliyejaza alitoa pia taarifa za marafiki zake. Facebook yenyewe ikakadiria kwamba waliochukuliwa taarifa walifika hadi milioni 87. Gawanya mwenyewe: kila aliyebonyeza aliwatoa wengine zaidi ya 300. Wakuu wa kampuni hiyo walirekodiwa kwa siri na waandishi wa televisheni wakijisifu jinsi walivyofanya kazi katika kampeni za uchaguzi wa Kenya wa 2013 na wa 2017, kwa hiyo hadithi hii si ya mbali kama inavyodhaniwa. Mwaka 2019 Marekani iliitoza Facebook faini ya dola bilioni 5.

Mfano wa pili unahusu damu yenyewe. Kampuni ya 23andMe ya Marekani ilikuwa ikipima vinasaba kwa mate: unatema kwenye kichupa, unatuma kwa posta, unaletewa habari za asili yako na orodha ya ndugu usiowajua. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia kwenye akaunti kama 14,000, za watu waliotumia nywila ambazo tayari zilishavuja kwingine. Kwa kuwa akaunti zilikuwa zimeunganishwa kindugu, wakatoka na taarifa za watu wapatao milioni 6.9. Wengi wa watu hao nywila zao zilikuwa imara kabisa. Binamu ndiye aliyeacha mlango wazi. Na kwenye vinasaba hata asiyepima ameshapimwa kwa sehemu, maana akipima ndugu wa baba mmoja mama mmoja, kama nusu ya maandishi yako ameyatoa.

Nimewataja wa mbali, lakini Nairobi ilikuwa na la kwake. Mwisho wa Julai 2023 mradi wa Worldcoin, ambao Sam Altman ni mmoja wa waanzilishi wake, ulikuwa ukipiga picha mboni za macho kwa kifaa cha mviringo king'aacho, ukubwa wa mpira mdogo. Aliyekubali alipewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya Sh. 7,000 hivi za Kenya. Foleni kwenye jumba la KICC zilikuwa ndefu hata usalama ukawa tatizo. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo. Wakati huo Wakenya zaidi ya 350,000 walikuwa wameshatazama ndani ya kile kifaa. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa hizo za kibaiolojia zifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na ikakataa ridhaa iliyopatikana kwa kishawishi cha sarafu.

Wapo waliowacheka wale waliopanga foleni. Sikuona la kucheka. Kwa kijana ambaye hajapata kibarua wiki nzima, Sh. 7,000 ni kodi ya chumba, na mboni hazimuumi mtu zikipigwa picha. Swali langu ni kwa aliyeweka bei. Nywila ikivuja unaibadilisha, laini ikiibwa unaifunga. Mboni ukizaliwa nazo utazikwa nazo. Kitu kisichobadilishika kilinunuliwa kwa watu wenye dhiki, kwa bei ambayo mwenye shibe asingegeuka kuitazama. Ile ndiyo sababu mahakama inapouliza kuhusu ridhaa haiulizi tu kama mtu alisema ndiyo. Inauliza alikuwa na nafasi gani ya kusema hapana. "Usipobonyeza hela haitoki," alisema Mama Salha, naye hakusoma sheria popote.

Tusidhani hatari zote zina skrini. Ukienda ofisi yoyote yenye geti, mlinzi atakusukumia daftari: jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, unakwenda kumwona nani. Juu ya mstari wako kuna mistari ya wenzako 20, yote wazi, na wewe utasomwa na watakaofuata. Daftari likijaa linakwenda wapi? Nimewahi kununua karanga zilizofungwa kwenye karatasi, nikaikunjua nikakuta fomu ya kuomba kazi iliyojazwa kwa kalamu: jina kamili la msichana, mwaka wa kuzaliwa, jina la baba, namba ya simu, na picha ndogo ya pasipoti bado imebanwa kwa pini. Fomu ile aliipeleka akiwa na matumaini. Niliichoma. Lakini muuza karanga alikuwa na rundo.

Wanaopokea vipande kama hivyo wanajua kuviunganisha. Kila Mtanzania amewahi kupata meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Inayotumwa ovyo kwa watu elfu tunaipuuza. Inayoumiza ni ile inayotaja jina lako, jina la mwanao na shule anayosoma, ikidai ameanguka na anahitaji matibabu haraka. Aliyeituma si mchawi. Jina lako liko kwenye daftari la geti, mwanao yuko kwenye picha ya mahafali iliyowekwa mtandaoni na sare ya shule imeonekana, na namba yako imo kwenye kundi la WhatsApp la wazazi ambalo yeyote anaweza kuingizwa. Kipande kimoja kimoja hakina neno. Vikikutanishwa vinakuwa ufunguo.

Simu pia ina lake hata ukiwa hukufungua programu yoyote. Ikiwa imewashwa inawasiliana na minara, na mnara unajua uko eneo gani. Hata bila kusikia neno la mazungumzo, anayeiona orodha ya nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa dakika ngapi, ameona mengi: mtu aliyepiga simu maabara asubuhi, kisha daktari, kisha dada yake kwa dakika 50, hahitaji kusikilizwa ili ajulikane yaliyomkuta. Tanzania ilipohamisha usajili wa laini kwenda alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, watu wakipewa hadi Januari 20, 2020, faida ilikuwa kupunguza laini za wahalifu. Wakati huohuo kila mlio wa simu ukapata mwenyewe. Zana ni moja, na yote mawili ni kweli. Ndiyo maana swali la nani anaruhusiwa kufungua kumbukumbu hizo, kwa amri ya nani, ni zito kuliko swali la kama zikusanywe.

Sheria tunazo, na ningependa watu wazijue badala ya kudhani hii ni ardhi isiyo na mwenyewe. Tangu 1948 Azimio la Haki za Binadamu, ibara ya 12, limezuia kuingilia mambo ya faragha ya mtu bila sheria. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inahifadhi nafsi ya mtu, maisha yake binafsi, familia na unyumba wake, maskani na mawasiliano yake. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 31, ina kipengele ninachokipenda sana: mtu asitakiwe bila lazima kutoa habari za familia yake au mambo yake binafsi. Angalia neno kutakiwa. Kosa linaanzia kwenye kuuliza, kabla hata habari haijavuja.

Katiba zikazaa sheria. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ikapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya kuisimamia ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Katika lugha ya sheria hizo kuna mkusanyaji, kuna mchakataji, na kuna mhusika wa taarifa. Mhusika wa namba yangu ni mimi, popote ilipoandikwa. Sheria ya Kenya inataka taarifa zikusanywe kutoka kwa mhusika mwenyewe, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Kwa mtazamo huo kidole cha Mama Salha, hata kikibonyeza mara mia, hakina mamlaka juu ya namba yangu. Nilipolielewa hilo nilipata nguvu fulani.

Zimewahi kung'ata? Zimewahi. Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za Kenya za 2022 zinakataza kuitumia orodha ya majina ya mkopaji kuwatumia watu ujumbe anapochelewa kulipa. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza faini tatu kwa mpigo. Mulla Pride, yenye programu mbili za mikopo, ilitozwa Sh. 2,975,000 za Kenya kwa vitisho vilivyotumwa kwa watu kupitia namba zilizopatikana kwa wengine. Klabu ya Casa Vera ilitozwa Sh. 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Roma School ilitozwa Sh. 4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila idhini ya wazazi. Mwaka uliotangulia kampuni ya simu ya Oppo Kenya nayo ilitozwa Sh. milioni 5 kwa picha ya mtu. Tanzania, Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni, yakafungiwa. Na tangu Mei 31, 2023, duka la programu la Google haliruhusu programu za mikopo kusoma orodha ya majina wala picha za mteja.

Hata serikali imewahi kuambiwa subiri. Januari 30, 2020 Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi iliyofunguliwa na Wanubi wa Kenya pamoja na watetezi wengine, iliruhusu mradi wa Huduma Namba, namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, uendelee kwa sharti la kuwa na kanuni kamili kwanza, na ikazuia kabisa kuchukua vinasaba na mahali anapoishi mtu kwa setilaiti. Waliofungua shauri walijua wanachokisema: kwa vizazi walihojiwa zaidi ya wengine kila wanapoomba kitambulisho. Mtu aliyezoea kuulizwa "wewe wa wapi" anaijua thamani ya kutoulizwa.

Pamoja na hayo sheria ina mipaka yake, na mpaka mkubwa ni huu: inakuja baada. Ujumbe ukishafika kwa mwalimu wa madrasa hakuna faini inayoufuta kichwani mwake. Programu iliyofungiwa dukani hurudi kwa jina jipya kupitia kiungo kinachotumwa WhatsApp, na inayopakuliwa kwa kiungo haipiti kwa mlinzi yeyote. Hapo ndipo sisi wenyewe tunapoingia.

Nitasema niliyoyafanya mimi. Nilifungua mipangilio ya simu, nikaenda kwenye ruhusa, nikatazama ni programu zipi zinasoma majina. Zilikuwa 14. Zilizohitaji kweli zilikuwa tatu. Nilibadilisha majina yote yenye ugonjwa, deni au kesi ndani yake. Nilipiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Ninapoacha nakala ya kitambulisho mahali, naandika juu yake kwa kalamu, kukatiza picha, imetolewa kwa nani, kwa kazi gani na tarehe gani. Kwenye kundi la wazazi niliomba tusiweke picha za watoto wa wenzetu bila kuuliza. Wawili walikasirika, wengine wakakubali. Na namba ya mtu siitoi tena kwa kuombwa tu. Namwambia anayeomba, "Ngoja nimuulize mwenyewe." Mwanzoni watu waliona najidai.

Deni tulilimaliza kwa mchango wa kikoba, siku ya tisa. Simu zikanyamaza. Mama Salha alikaa karibu mwezi mzima bila kufika kwenye kona yake. Akirudi kutoka sokoni alipita njia ya nyuma ili asikutane na mwalimu wa madrasa, ingawa mwalimu yule, Mungu amlipe, hakulitaja jambo lile kwa mtu yeyote. Mwanawe aliendelea kusoma na hakusikia neno.

Kisha siku moja jioni simu yangu iliita tena, namba ngeni, nikasita kabla ya kupokea. Alikuwa yeye, kwa laini mpya.

"Ndiyo namba yangu sasa," akasema. "Usiniandike Mama Salha. Na usimpe mtu kabla hujaniuliza."

Nikamwambia haya. Nimemwandika kwa herufi mbili tu, tunazozijua sisi wawili. Asubuhi yake harufu ya vitumbua ilifika hadi dirishani kwangu.